Bwana Afya na Kalamu Yake

Mapenzi ya kuandika ni mapenzi yasiyo na posa wala harusi. Humwingia mtu angali mtoto, pengine siku mwalimu alipotaka watoto watunge kisa cha ukurasa mmoja, naye akatunga kurasa tatu. Mtoto huyo hukua, huajiriwa, huoa na kuzaa, na mapenzi yale humfuata kila aendako. Hayamlishi wala hayamvishi. Aghalabu humgharimu usingizi wake. Hata hivyo, akiulizwa siku yoyote ya maisha yake angependa kuwa nani, jibu lake ni lile lile: mtunzi wa riwaya.

Katika madarasa ya Kiswahili, toka zamani hadi leo, hakukosekani kijana wa namna hii. Katika mkoba wake mna daftari, na katika daftari mna sura mbili au tatu za mwanzo. Ukimwuliza hadithi imefika wapi, hukwambia imesimama. Wakati hana. Mchana yuko kazini au masomoni, usiku amechoka. Atakapopata nafasi, ataimaliza. Maneno haya ni ya kweli, wala haifai kumcheka anayeyasema. Lakini ndani yake mna dhana moja inayostahili kuchunguzwa, nayo ni kwamba maisha ya mtunzi yamegawanyika mafungu mawili: fungu la kazi ya mshahara, ambalo ni hasara tupu, na fungu la kalamu, ambalo ndilo maisha yenyewe. Kisiwa cha Unguja kilimzaa mtu ambaye maisha yake yanaijibu dhana hii vizuri kuliko hoja nyingi. Mtu huyo ni Muhammed Said Abdulla.

Alizaliwa tarehe 25 Aprili 1918 huko Makunduchi, kusini ya Unguja, karibu kilomita 65 kutoka Mji Mkongwe. Makunduchi ni mashuhuri kwa Mwaka Kogwa, sherehe ya kuukaribisha mwaka wa jadi, ambapo wanaume hupigana kwa magomba ya migomba na kibanda cha makuti hutiwa moto. Katika sehemu kama hizo za shamba, mzimu, yaani mahali pa kuwakumbuka wahenga na kuweka nadhiri, haukuwa jambo la vitabuni. Ulikuwa jirani. Abdulla alikuwa mtoto wa Kiislamu, lakini masomo yake aliyapata katika skuli ya wamisionari, akayamaliza mwaka 1938. Hivyo kabla hajafika miaka 20 alikuwa amekwisha kusimama katikati ya milango mitatu: mlango wa dini ya wazazi, mlango wa elimu ya kigeni, na mlango wa mila za kisiwa. Kila mlango ulikuwa na maelezo yake ya kwa nini mambo hutokea duniani.

Yafaa kukumbuka jinsi mambo yalivyokuwa kwa kijana wa 1938 aliyetamani kuandika riwaya kwa Kiswahili. Mashairi yalikuwa tele, na tenzi za karne nyingi zilikuwa zimehifadhiwa vifuani na katika hati za Kiarabu. Kiunguja chenyewe kilikuwa kimechaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilikuwa ikikisimamia. Lakini riwaya zilikuwa haba. Zilikuwapo tafsiri, mathalan Mashimo ya Mfalme Sulemani, na mwaka 1934 kilitoka Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela. Aliyetaka kuwa mshairi alikuwa na walimu kila mtaa. Aliyetaka kuwa mtunzi wa riwaya alitamani kazi ambayo wenziwe walikuwa hawajaijua bado kuwa ni kazi.

Si ajabu, basi, kwamba kijana huyu hakuajiriwa kuandika. Aliajiriwa katika Idara ya Afya kuwa mkaguzi, cheo ambacho watu wa Afrika ya Mashariki walizoea kukiita bwana afya, akakaa humo miaka kumi.

Bwana afya ni mgeni asiyekaribishwa. Mwalimu akipita mtaani husalimiwa, na tabibu huitwa. Bwana afya huja mwenyewe, na akija mwenye nyumba hufunika kitu. Kazi yake ni kuchungulia. Huinama juu ya mtungi kutafuta viluwiluwi vya mbu. Huuliza maji ya kunywa yanatekwa kisima gani na choo kiko umbali gani na kisima hicho. Hupita sokoni akatazama nyama na samaki. Kila anapofika huambiwa kwamba hapana kitu. Pengine aambiwaye ni bwana mwenye kanzu safi na maneno mazuri, na pengine kweli hapana kitu. Lakini bwana afya hawezi kuandika katika daftari lake yale aliyoambiwa mlangoni. Sharti aingie uani, afunue, atazame, ndipo aandike. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Bwana afya hulipwa mshahara ili aambiwe usitazame, na atazame vivyo hivyo.

Miaka kumi ya kazi hii ni miaka mingi. Katika muda huo mtu hujifunza nyumba zilivyo ndani, na hilo kwa mtunzi wa riwaya ni jambo kubwa katika mji kama Mji Mkongwe. Mji ule umejengwa kuficha. Milango yake ya mbao iliyochorwa nakshi huonyesha utajiri wa mwenyewe na kuuzuia uso wake. Vichochoro vyake hupinda kabla jicho halijafika mwisho. Baraza zake za mawe huwaweka wageni nje kwa heshima, wakanywa kahawa, wakazungumza, wakaondoka pasipo kuona ua. Mpita njia huujua mji huo kwa nje maisha yake yote. Bwana afya huujua kwa ndani.

Mwaka 1948 Abdulla aliiacha kazi hiyo akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari. Mwaka huo huo wachukuzi wa bandari ya Unguja waligoma na mgomo ukaenea mjini. Katika miaka iliyofuata alikuwa mhariri msaidizi katika Al Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu. Msomaji anayeijua historia ya Unguja atasita hapa kidogo. Al Falaq lilikuwa gazeti la Jumuiya ya Waarabu. Mwaka 1954 wakuu wa jumuiya hiyo walishitakiwa kwa uchochezi kutokana na makala yaliyochapishwa humo. Afrika Kwetu lilikuwa upande wa Jumuiya ya Waafrika. Magazeti hayo mawili yaliutazama mji mmoja, siku moja, tukio moja, yakaandika habari mbili. Mtu aliyeketi meza zote mbili, akasahihisha nakala za huku na za huko, alipata somo ambalo hakuna chuo kilichokuwa kikilifundisha: kwamba ukweli wa jambo hautambulikani kwa sauti ya anayelisimulia, wala kwa wingi wa wanaolishangilia.

Ndipo ikaja bahati. Shirika la Vitabu la Afrika ya Mashariki, lililoundwa mwaka 1948 na makao yake yakiwa Nairobi, liliendesha mashindano ya kuandika hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957 hadi 1958. Abdulla alipeleka mswada. Jina lake lilikuwa Mzimu wa Watu wa Kale, nao ukapata zawadi ya kwanza. Ulichapishwa kuwa kitabu mwaka 1960. Mtunzi alikuwa na umri wa miaka 42, na miaka 22 ilikuwa imepita tangu alipotoka skuli.

Kisa chenyewe kinajulikana na wanafunzi wengi. Mtu ameuawa, na maiti yake imeonekana mzimuni. Yako maelezo mepesi yanayowangojea wote: watu wa kale wamekasirika, wamejilipizia. Katikati ya maelezo hayo anatokea Bwana Msa, mtulivu, mvuta kiko, pamoja na sahibu yake Najum, anayeshangaa mahali pote ambapo msomaji naye anashangaa. Bwana Msa hamtukani mtu kwa imani yake. Yeye huuliza tu. Nani alikuwapo? Nani alipata faida? Alama hii imetoka wapi? Akimaliza kuuliza, mzimu hubaki mahali pake, na mkono wa binadamu huonekana.

Wahakiki wamekwisha kusema, na wamesema kweli, kwamba Bwana Msa amefuata nyayo za Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle, na kwamba Najum ni Watson aliyevaa kanzu. Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumeeleza umbo la chungu na kuusahau udongo. Mpelelezi wa London hakuweza kumfundisha mtu jinsi nyumba ya Unguja inavyoficha siri yake, wala jinsi mzungumzaji wa Unguja anavyoweza kujibu swali kwa maneno matamu yasiyo na jibu ndani yake. Yaelekea mambo hayo yalitoka katika daftari la mkaguzi. Mtu aliyekwenda miaka kumi kutoka mlango hadi mlango, akiambiwa hapana kitu na kuinama atazame, kisha akakaa miaka kumi mingine akilinganisha habari mbili za tukio moja, alipotaka kubuni shujaa hakuwa na haja ya kwenda mbali. Hata jina halikutoka mbali. Msa ni namna ya kulifupisha jina la Musa, lakini pia ni herufi za mwanzo za Muhammed Said Abdulla. Mtunzi aliuficha ufunguo pale ambapo kila mtu angeutazama asiuone, yaani juu ya jalada.

Kitabu hiki kilitoka wakati ambao Wazanzibari wanauita zama za siasa. Mji uligawanyika kwa vyama, majirani wakasusiana maduka na mazishi, na katika machafuko ya uchaguzi wa Juni 1961 watu 68 walipoteza maisha. Uvumi ulikuwa chakula cha kila siku. Katika hali kama hiyo, hadithi ya mtu anayekataa kuhukumu kabla hajaona haikuwa mchezo wa kupitisha jioni tu, ingawa Abdulla aliiandika kwa mzaha na ladha ili ipitishe jioni vizuri.

Mpaka hapa mtu aweza kusema kwamba suala limekwisha: kazi ya mchana si adui, ni shamba la mtunzi. Lakini hesabu ya miaka inakataa kumalizwa upesi hivyo. Mwaka 1958 Abdulla alikuwa mhariri wa Mkulima, gazeti la mambo ya kilimo, akakaa nalo hadi alipostaafu mwaka 1968. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalimkuta hapo, yakabadilisha serikali, umiliki wa ardhi na maisha ya kila nyumba, naye akaendelea na kazi yake. Sasa zitazamwe tarehe za vitabu vyake. Baada ya Mzimu wa Watu wa Kale wa 1960, miaka minane ilipita bila ya riwaya nyingine. Kisima cha Giningi kilitoka 1968, mwaka ule ule wa kustaafu. Kisha ikatoka Duniani Kuna Watu 1973, Siri ya Sifuri 1974, Mke Mmoja Waume Watatu 1975, Mwana wa Yungi Hulewa 1976, na mwisho Kosa la Bwana Msa 1984. Riwaya nne zilichapishwa katika miaka minne na mtu aliyekuwa amekwisha kupita miaka 50.

Ni kweli kwamba tarehe ya kuchapishwa si tarehe ya kuandikwa. Mswada huweza kulala kwa mchapishaji siku nyingi. Hata hivyo picha ni wazi. Kazi ilimpa Abdulla cha kuandika, na kazi hiyo hiyo ikamnyima wakati wa kuandika. Hakuna haja ya kuchagua moja kati ya kweli hizi mbili. Kijana anayelalamika kwamba hana wakati anasema kweli, na mzee anayemwambia kwamba wakati wake haupotei anasema kweli pia. Alipokufa mwaka 1991 Abdulla alikuwa ameacha riwaya saba. Huenda angaliacha kumi na nne kama angalilipwa kuandika toka ujana. Na huenda hizo kumi na nne zisingalikuwa na Bwana Msa hata mmoja.

Jambo hili si la Unguja peke yake. Shaaban Robert alitumikia serikali kama karani sehemu kubwa ya umri wake, na vitabu vyake akaviandika katika saa zilizosalia. Conan Doyle mwenyewe alikuwa tabibu alipombuni Holmes, aliyetokea mara ya kwanza katika chapa mwaka 1887. Naguib Mahfouz wa Misri alikuwa mtumishi wa wizara hadi alipostaafu mwaka 1971, na mwaka 1988 akapata Tuzo ya Nobel. Kila mmoja wao alikuwa na meza mbili, moja ya mchana na moja ya usiku, na anayetafuta katika vitabu vyao ataiona vumbi ya meza ya mchana.

Yuko pia mwana wa Unguja ambaye meza yake ya mchana ilikuwa ughaibuni. Abdulrazak Gurnah alizaliwa mwaka 1948, akaondoka kisiwani angali kijana baada ya Mapinduzi, akafika Uingereza, ambako kabla ya kuwa mwalimu wa chuo kikuu alipata kufanya kazi hospitalini. Katika hotuba yake ya Nobel ya Desemba 2021 alieleza kwamba tangu utotoni, skulini, kipindi cha kutunga hadithi kilikuwa furaha yake. Baadaye, katika upweke wa ugenini, uandishi ukageuka kuwa jambo jingine: njia ya kuyahifadhi yaliyotokea na kuyakataa masimulizi mepesi ya wenye nguvu. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1987, naye akikaribia miaka 40, umri ule ule ambao Abdulla aliupatia zawadi yake. Gurnah aliandika kwa Kiingereza, na watu wa kwao walingoja hadi 2022 kuisoma Peponi kwa Kiswahili, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Kwa lugha na kwa mwendo waandishi hawa wawili hawafanani. Wanafanana katika jambo moja: mapenzi ya utotoni hayakuwatosha. Yalingoja mpaka maisha yakayapa kitu cha kusema.

Na baadhi ya maisha hayo hungoja zaidi. Mgomo wa wachukuzi wa 1948, uliotokea mwaka Abdulla aliposhika uhariri, haukuingia katika riwaya kwa muda wa miaka 30, mpaka Adam Shafi, aliyekuwa mtoto wakati huo, alipoutoa katika Kuli mwaka 1979. Wahenga wanasema akiba haiozi. Kwa mpunga na kwa fedha methali hiyo ni sahihi. Kwa mambo aliyoyaona mtu, yataka sharti moja: yaandikwe. Sauti ya mwanamke aliyejibu mlangoni, harufu ya ghala la karafuu, namna karani alivyoficha faili alipoulizwa. Haya yasipoandikwa huoza upesi kuliko samaki wa Darajani. Hapo ndipo mapenzi ya kuandika yanapopimwa. Hayapimwi kwa wingi wa saa alizonazo mtu, kwa kuwa hakuna aliyepewa za kutosha. Hupimwa kwa kile anachokifanya na yale aliyoyaona mchana, pindi usiku uingiapo.

Jioni, Mji Mkongwe unapopoa, wazee huketi barazani na vikombe vya kahawa, na vijana huteremka Forodhani. Miongoni mwa vijana hao mmoja ametoka kazini. Pengine ni karani wa bandari, pengine mpokezi wa wageni hotelini, pengine bwana afya. Sura zake tatu za mwanzo ziko nyumbani, zimesimama, na leo hatazigusa kwa kuwa amechoka. Na asizigusi. Lakini kabla hajalala afungue ukurasa mtupu nyuma ya daftari, aandike tarehe, kisha aandike jambo moja ambalo leo aliambiwa halipo, naye akaliona.